Aspirini ya Kiwango Kidogo kwa Mjamzito: Anza Mapema, kwa Maelekezo ya Mtaalamu

Mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au aliyeambiwa katika ujauzito uliopita kuwa presha imepanda na mkojo una protini, asisubiri tumbo lionekane ndipo aende kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa walio katika hatari kubwa kama yeye aspirini ya miligramu 75 kila siku ili kupunguza hatari ya tatizo hilo kurudi, ianzwe kabla ya wiki ya 20, na ikiwezekana mapema kama wiki ya 12, kwa kuwa katika miezi hiyo ya mwanzo ndipo kondo la nyuma linapojishikiza kwenye mishipa ya damu ya mji wa mimba. Inaniuma kuona kinga rahisi kiasi hiki ikimkosa mama kwa sababu tu hudhurio la kwanza lilikuwa mwezi wa sita wa ujauzito.

Hesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Ukifika kliniki, mweleze mkunga bila kuulizwa kama una presha ya siku nyingi, kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha. Mweleze pia kama mama yako au dada yako alipata kifafa cha mimba.

Usijianzishie dawa hii. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayoamshwa na aspirini, mzio wa dawa hiyo au tatizo la kutokwa damu lazima aseme kwanza. Omba kidonge cha miligramu 75 chenyewe, kwa sababu kile cha miligramu 300 ukikikata kwa wembe hutoa vipande visivyolingana na unga unaobaki mezani. Kimeze baada ya kula, saa ileile kila siku. Ukisahau, usimeze viwili kesho yake. Siku ya kuacha ataipanga daktari wako.

Aspirini haishushi presha iliyokwisha kupanda, kwa hiyo mahudhurio na dawa zako nyingine ziendelee. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba ghafla au maumivu yakishika chini ya mbavu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, hata kama umeshajifungua, kwani hatari hii ya kifafa cha mimba huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa.