Jinsi ya Kumsaidia Aliyeungua Moto na Familia Yake Baada ya Wiki ya Kwanza

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro, na petroli ambayo watu walikuwa wakiichota ikalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, lakini si wote waliofia barabarani; wengi walifariki katika siku na wiki zilizofuata, wakiwa wodini Morogoro na katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Jambo hilo linapaswa kumwongoza kila anayetaka kutoa msaada, kwa sababu jeraha la moto huchukua muda mrefu, na mchango unaotolewa wote katika wiki ya kwanza humkosa mgonjwa pale anapouhitaji zaidi. Tena ajali kubwa kama ile ni chache. Wengi wanaolazwa ni watoto wadogo waliomwagikiwa chai, uji au maji ya moto nyumbani, ambao habari zao hazitangazwi popote. Maelezo haya ni kwa ajili ya jumuiya, msikiti, kikoba, majirani au wafanyakazi wenza wanaotaka kuisimamia familia kama hiyo mpaka mwisho.

Kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, teueni watu watatu: mweka hazina, ndugu mmoja anayeaminiwa na mgonjwa, na mtu wa kufuatilia mambo hospitalini. Fedha zipokelewe katika akaunti ya kikundi au namba moja ya simu inayojulikana na wote, na kiasi kilichoingia na kilichotoka kitangazwe kila wiki, kwa kuwa michango hukauka haraka pale watu wanapoanza kunong'ona. Gharama za matibabu zilipwe moja kwa moja kwa mhasibu wa hospitali na risiti itunzwe. Picha za majeraha zisisambazwe kwa nia ya kuwatia watu huruma. Mtu mzima aombwe ridhaa yake, na kwa mtoto naona ni bora picha isitumike kabisa, kwa sababu atakua na kuikuta ikiwa bado inazunguka kwenye simu za watu.

Hatua inayofuata ni kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera ya afya ya Tanzania inatoa msamaha wa gharama katika vituo vya umma kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 5, na wasio na uwezo wanaweza kuombewa msamaha pia, ingawa familia nyingi hulemewa na hofu kiasi cha kutouliza. Fahamuni kwanza ni nini kinachosamehewa, kisha elekezeni fedha kwenye yale yanayobaki mikononi mwa familia, kama vile dawa zinazokosekana, vifaa vya kufungia vidonda na nauli. Ikiwa mgonjwa atafanyiwa upasuaji wa kupandikizwa ngozi, ulizeni pia kuhusu damu. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4, hivyo wachangiaji wapangwe kwa zamu badala ya kwenda wote siku moja.

Chakula kinastahili kamati ya peke yake. Mwili ulioungua sehemu kubwa hutumia nguvu nyingi sana kujenga ngozi mpya na kupambana na maambukizi, na mgonjwa asiyepata protini ya kutosha hukonda huku vidonda vyake vikichelewa kufunga. Soda na biskuti ambazo wageni hupenda kubeba hazimsaidii sana. Ni heri kina mama wapange zamu ya kupeleka mayai, maziwa, maharage, samaki au dagaa, uji uliotiwa karanga, pamoja na matunda, baada ya kumuuliza muuguzi mgonjwa anaruhusiwa kula nini. Sahani ya pili iwe ya yule anayemuuguza, kwa maana mama anayelala chini ya kitanda cha mwanawe kwa wiki kadhaa mara nyingi hula makombo tu. Mama huyo pia hujilaumu, na wapo wanaomuuliza, "Ulikuwa wapi?" Asiulizwe. Mpokeeni zamu akaoge na alale, na wale watoto wengine waliobaki nyumbani waangaliwe, wapelekwe shule na kupikiwa. Watakaoingia wodini wawe wachache, wanawe mikono, na wasimletee mgonjwa dawa ya kupaka ambayo daktari hakuagiza.

Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini ndiyo siku ambayo wachangiaji wengi huona kazi imekwisha, ilhali ndipo sehemu ngumu inapoanza. Kovu la moto huendelea kuwa nene na kujikunja kwa miezi mingi, nalo lisipodhibitiwa laweza kuvuta kiwiko, shingo au vidole mpaka visinyooke tena. Ndiyo maana mgonjwa hupewa mazoezi ya viungo, pengine banzi, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kiungo kikiwa kimenyooka, la kuvaa usiku, na pengine nguo maalumu za kubana ambazo huvaliwa karibu saa 23 kwa siku kwa mwaka mmoja au zaidi. Nguo hizo huhitajika pea mbili, ili moja ifuliwe nyingine ikiwa mwilini. Mazoezi yanauma, na familia humwonea mtoto huruma ikaacha. Kwa hiyo, nauli ya kliniki naiona kuwa mchango wenye thamani kuliko mwingine wowote katika kipindi hiki. Itengeni mapema kwa miezi 12, mkampe jirani mmoja jukumu la kukumbusha tarehe. Mafuta ya kulainisha kovu, kofia na nguo nyepesi za mikono mirefu za kukinga jua navyo viingie kwenye bajeti.

Mtoto anaporejea shuleni, mtu wa kamati aende pamoja na mzazi kuzungumza na mwalimu mkuu kabla ya siku hiyo, ili wanafunzi waelezwe kwamba kovu haliambukizi na kwamba mwenzao aitwe kwa jina lake. Kwa mtu mzima aliyepoteza kazi, ulizeni mikono yake inaweza kufanya nini sasa kabla ya kumnunulia mtaji wa biashara asiyoiweza.

Fedha zitakazosalia zisigawanywe. Mtoto hukua lakini kovu halitanuki kama ngozi ya kawaida, hivyo huenda akahitaji upasuaji mwingine wa kulegeza kovu linalovuta kiungo miaka kadhaa baadaye. Muulizeni daktari lini arudishwe kuangaliwa, andikeni tarehe hiyo katika daftari la kikundi, na salio libaki kwenye akaunti kwa jina la kazi hiyo.