Mgeni wa kujitolea akija kituoni
Wenzangu maafisa ustawi wa jamii mnaopokea wageni wa kujitolea kutoka nje kwenye vituo vya kulea watoto, naomba sana: mgeni wa wiki mbili msimpe kazi ya kulea watoto. Nimemwona mtoto wa miaka minne ameng'ang'ania pindo la sketi ya dada wa watu, gari la kwenda uwanja wa ndege linanguruma getini. Ameshaachwa mara ngapi huyo?

Mwekeni mgeni na walezi. Awaonyeshe anavyozungumza na mtoto aliyeumizwa. Nanyi mwonyesheni mnavyomtafuta shangazi wa mtoto kupitia mjumbe wa nyumba kumi. Na kabla hajakata tiketi, aombe kwa polisi wa nchi yake cheti cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu, awatumie.