Tingatinga kwa watoto wa awali: bakigraundi kwanza, mnyama baadaye, vitone mwisho

Mara nyingi nimeona watoto wa awali wakipewa karatasi yenye twiga aliyekwisha kuchorwa, wanapaka rangi ndani ya mistari, kisha mwalimu anaandika juu yake "Tingatinga", jina la staili ya uchoraji iliyoanzia Dar es Salaam. Hapo mtoto amejifunza kutotoka nje ya mstari, basi. Staili ya uchoraji ni namna ya kufanya kazi: nini kinaanza, nini kinafuata, mkononi kuna chombo gani. Mtoto wa miaka minne akifuata utaratibu wa wachoraji wenyewe, picha zao atazitambua popote, hata kwenye sinia dukani.

Mimi hutumia siku tatu, dakika 25 kila siku, watoto sita kwa meza.

Maandalizi

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha staili hii, alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Vipande vingi vilikuwa vya mraba wa kama sentimita 60. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na hadi leo kazi hiyo inafanyika Dar es Salaam.

Rangi ya mafuta usiilete darasani. Harufu yake ni kali na kuitoa mikononi kunahitaji mafuta ya taa au thina. Sisi tunahitaji:

- katoni ngumu iliyokatwa mraba wa sentimita 30, upande mmoja umebandikwa karatasi nyeupe
- vipande vya sponji ya godoro
- chaki, brashi nene, vijiti vya pamba vya masikio
- rangi nzito za maji za kopo, angalau nyeupe, nyeusi, nyekundu na njano
- fulana kuukuu za watu wazima za kuvaa juu ya sare

Rangi ya bakigraundi, yaani ya nyuma ya mnyama, napika mwenyewe, maana inakwenda nyingi. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, endelea kukoroga mpaka upate uji mzito. Ukipoa, gawa kwenye vikopo na utie rangi ya chakula. Usiiweke zaidi ya siku mbili, itachacha.

Siku ya kwanza: bakigraundi

Waonyeshe picha moja tu ya Tingatinga, kubwa, na uulize swali moja: nyuma ya mnyama kuna nini? Watasema mbingu, ukuta, "hakuna kitu". Yote sawa. Wape sponji na rangi mbili zinazokaribiana, kwa mfano njano na chungwa. Rangi moja ianzie juu, nyingine chini, zikutane katikati. Mnyama hapakwi leo, na hapa utapata malalamiko.

Jina lenyewe litazua maswali. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama picha imechorwa na lile tingatinga linalosukuma udongo barabarani. Nilimjibu kwamba ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo alichora kwa mikono kama yake.

Acha katoni zikauke mpaka kesho. Zikijikunja, zibane chini ya vitabu zikishakauka kabisa.

Siku ya pili: mnyama mmoja

Picha nyingi za Edward zina mnyama mmoja tu, mkubwa, amejaa ubao. Wape watoto sharti hilo hilo. Wachore kwa chaki, kwa sababu chaki inafutika kwa kidole na mtoto haogopi kukosea. Waanze na mwili, uwe mkubwa kuliko kiganja cha mwalimu, ndipo shingo, kichwa na miguu vifuate. Kisha wajaze mnyama wote kwa rangi moja ya kopo, bila kuchanganya.

Usiwalazimishe simba na tembo. Wengi hawajawahi kuwaona. Kuku, mbuzi, paka wa jirani, wote wanafaa.

Siku ya tatu: vitone

Hii ndiyo siku yao. Mwaka wa kwanza niliharakisha, nikaruhusu vitone juu ya rangi mbichi, na meza nzima ikatoka na wanyama wa rangi ya tope. Watoto wawili walilia. Tangu hapo nagusa kila katoni kwa kidole kabla ya kugawa vijiti.

Leta picha ya ndege kanga, na kitambaa cha khanga chenye madoa ukiwa nacho. Wahesabu vitone kwa macho: vikubwa viko wapi, vidogo viko wapi? Kisha wafundishe maneno matatu, wayaseme kwa sauti wakifanya: chovya, bonyeza, inua. Mtoto anayeburuta kijiti anapata mstari. Kila rangi na kijiti chake.

Hapa nyamaza uangalie. Msichana mmoja alichora kuku mwekundu, akamjaza vitone vyeupe kimoja kimoja, mbawa, shingo, mpaka mkia. Miguu aliiacha mitupu. Nilipomuuliza alinijibu bila kuinua kichwa: "Miguu haina manyoya, mwalimu." Alikuwa amemwangalia kuku wa kwao kuliko nilivyowahi kumwangalia mimi.

Mwisho kila mtoto aweke herufi yake ya kwanza pembeni, kama Edward alivyotia saini kazi zake. Tundika picha kwenye urefu wa macho yao, siyo ya kwako.

Ukitaka kuendelea

Vitone vinafungua mlango wa Georges Seurat, Mfaransa aliyechora kwa vitone vidogo vya rangi. Picha yake kubwa ya watu wakipumzika kando ya mto, ya miaka 1884 hadi 1886, ina upana wa mita tatu hivi na iko Chicago. Chora umbo la embe, wajaze vitone vya njano na vyekundu vikikaribiana bila kugusana, kisha wasogee nyuma hatua kumi. Watakuambia wenyewe embe limekuwa la chungwa.

Baada yake nampenda Henri Matisse, mchoraji mwingine Mfaransa. Alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na uzeeni akitumia muda mwingi kitandani na kwenye kiti cha magurudumu alikata maumbo kwa mkasi kutoka karatasi zilizopakwa rangi. Konokono wake wa mwaka 1953 ni vipande vya rangi vilivyozungushwa tu. Karatasi zilizobaki siku ya bakigraundi zinatosha. Wasiomudu mkasi wachane kwa vidole, wazungushe vipande mezani mara mbili tatu kabla hujafungua gundi.