SOMO: Kuomba ruzuku ya kuwapatia mafundi wa mtaani vyeti (Tanga)

Salaam wanajamvi. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Kikundi chenu cha Ngamiani mlipataje ruzuku?" Naandika mara moja hapa. Atakayeniuliza tena nitamleta huku.

Tofautisheni kwanza. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo. Hauna riba, lakini unarejeshwa. Ruzuku ya mfuko wa hisani hairejeshwi, ila utaitolea hesabu mpaka shilingi ya mwisho.

1. Sajilini kikundi. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii.

2. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti.

3. Someni wito wa mfadhili (tangazo lake la kuita maombi) wote. Anayetaka kilimo msimpelekee gereji.

4. Elezeni tatizo la watu mnaowajua. Sisi tuliandika hivi: fundi wetu anasikiliza injini tu anajua ugonjwa, lakini akienda kuomba kazi kwenye kampuni anaulizwa cheti. VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia mtaani anapimwa, anajaziwa mapengo kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti. Tukaomba hela ya hilo tu.

5. Bajeti. Hapa nilikosea, someni taratibu. Mara ya kwanza niliweka ada, vifaa na chai. Siku ya fundi sikuihesabu. Fundi wa mtaani anakula kwa gari alilotengeneza leo. Akikaa darasani, jioni anarudi nyumbani mikono mitupu. Tulianza 20, wiki ya pili wakabaki 11. Nikawaita wavivu mbele ya wenzao, na linaniuma hadi leo, maana mmoja wao mkewe alikuwa ametoka kujifungua na ndani hamna hata unga.

Nikaongeza kosa la pili: nikachukua baki ya ada nikawagawia posho bila kumwandikia mfadhili. Taarifa ikakataliwa. Tulichangishana miezi mitatu kuirudisha ile hela.

Kwa hiyo fidia ya siku na nauli ziwe na kifungu chake tangu mwanzo. Ulizeni chuo kama mafunzo yanaweza kuwa jioni au Jumamosi. Na MSIHAMISHE hela kifungu kimoja kwenda kingine bila kibali cha maandishi. Kukubaliana kwa simu si kibali.

6. Pelekeni taarifa kwa tarehe mliyopewa.

MASWALI

Mwana Pongwe: Mkuu nirushie andiko lenu la maombi, nabadilisha jina tu.

Mleta somo: Situmi. Maandiko mawili yakifanana yanaanguka yote mawili. Hatua ya 4 umeisoma?

Mwana Pongwe: Nimepitia juu juu. Kwani shida iko wapi, si kusaidiana?

Mleta somo: Nimeshasaidia, kazi ya usiku mzima iko hapo juu. Isome, kisha niulize unapokwama.

Binti Makorora: Kaka, hiyo fidia mlijuaje kiasi? Mfadhili hakuona kama mnataka kulipwa kwa kusoma?

Mleta somo: Dada, hapo umegusa penyewe. Mara ya pili tuligawa madaftari gereji sita, kila fundi akaandika alichopata kila siku kwa wiki mbili. Tukapiga wastani, tukaomba nusu yake, tukaambatanisha nakala za kurasa. Afisa wao alipokuja aliyashika yale madaftari muda mrefu kuliko andiko lenyewe. Kama kwenu wengi ni kina mama, wekeni na mtu wa kushika watoto. Ukiandaa rasimu nitaisoma bure.

Seremala wa Raskazone: Na sisi wa mbao inatuhusu?

Mleta somo: Ndiyo, useremala upo. Nendeni VETA Tanga muulize tarehe za upimaji kabla ya kuandika ratiba.

Mhasibu Mstaafu: Naongezea. Risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) hufifia. Toeni fotokopi siku ileile, mbandike pamoja na risiti yenyewe.

Binti Makorora: Mzee, mimi zangu nilitaka kuzifanyia laminesheni.

Mhasibu Mstaafu: Usithubutu mwanangu. Karatasi ile huandikwa kwa joto, ukiipitisha kwenye mashine inatoka nyeusi tii. Fotokopi tu, na faili likae mbali na jua.