Ukitaka kusikiza albamu yote, ficha simu

Hii nimeijulia kwa matatu ya Kisumu kwenda Nakuru juzi. Kabla mtoke steji daunlodi albamu moja, MOJA tu, hakikisha nyimbo zinacheza vile zilipangwa bila kuchanganywa, zima data, halafu simu iingie ndani ya begi na zipu ufunge, usiishike hadi wimbo wa mwisho uishe. Begi ndio siri yenyewe, juu simu ikiwa mkononi kidole kitaruka tu wimbo wa tatu, ule wa polepole, na mara nyingi huo ndio unakuja kukushika ukirudia mara ya pili. Na mpangilio si bahati nasibu, santuri ya LP, ile kubwa ya albamu nzima, ilikuwa inabeba kama dakika 20 hivi kila upande kwa hivyo wasanii walikuwa wanafikiria sana upande wa kwanza uishie wapi na wa pili uanze na moto gani. Albamu ya dakika 40 itaisha hata hamjafika Kericho.

Haifanyi kazi na zile za kukusanya vibao tu. Benga nyingi ya zamani, ule muziki wa gitaa wa Kenya, pia ilitoka kwa santuri ndogo, wimbo mmoja umekatwa sehemu ya kwanza na ya pili, kwa hivyo hapo usitafute mpangilio, ruka tu. Na dere akiwa na spika zake nyuma ya kiti chako, wewe wachana nayo, ngoja ufike nyumbani uisikize ukiosha vyombo.