Besi Haijapotea, Inavuja: Namna ya Kuvaa Iafoni za Kuingiza Sikioni

Iafoni ni mpya, lakini sauti yake ni nyembamba kama ya redio iliyoishiwa betri. Wengi hapo hulaumu muuzaji, au hufungua ikwalaiza, yaani programu ya kurekebisha sauti nzito na za juu, na kupandisha besi hadi mwisho. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kimpira cha kwenye ncha ya iafoni hakijaziba tundu la sikio, basi.

Iafoni za aina hii zinategemea hewa kidogo iliyofungiwa kati ya spika na kiwambo cha sikio. Spika yenyewe ni ndogo, nyingi zina upana wa milimita 6 hadi 12, kwa hiyo haina nguvu ya kusukuma hewa ya chumba kizima. Inachoweza ni kuigandamiza hewa hiyo chache iliyofungwa. Ukibaki mwanya, hata mwembamba kama unywele, mgandamizo unatoroka, na zinazoondoka kwanza ni sauti nzito: ngoma, gitaa la besi, uzito wa sauti ya mwanamume anayezungumza. Sauti za juu zinabaki peke yake, ndiyo maana muziki unachoma masikio.

Pima kabla ya kubadilisha chochote

Weka wimbo wenye besi isiyokatika, au mlio mzito wa Hz 50 (hezi, kipimo cha uzito au wembamba wa sauti) kutoka programu yoyote ya kutoa milio, kwa sauti ya chini. Kandamiza iafoni taratibu kwa kidole, sikio moja kwa wakati. Besi ikiongezeka ghafla, sikio hilo lilikuwa halijazibwa. Kisha zima muziki, funga mdomo, uvumishe “mmm”. Sauti yako inapaswa kujaa ndani ya kichwa, na ijae sawa pande zote mbili. Ikilalia upande mmoja, upande ule mwingine ndio unaovuja.

Kimpira kinachokufaa

Boksi nyingi huja na saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na ya kati ndiyo huwa imeshavalishwa kiwandani. Watu wengi hawaitoi hata siku moja. Zijaribu zote tatu, na usishangae sikio la kulia likitaka kubwa na la kushoto likitaka ya kati. Masikio ya mtu mmoja hayalingani lazima, na kuvaa saizi mbili tofauti si kosa.

Kimpira kidogo mno huingia kirahisi, kisha huchomoka ukitafuna au ukicheka. Kikubwa mno huuma baada ya dakika chache. Lakini kuna jambo linalowapotosha wengi: kimpira kikubwa nacho huvuja. Kikibanwa kupita kiasi, ukingo wake hujikunja na kuacha mfereji mdogo wa kupitisha hewa. Kwa hiyo ukiona besi haipo, usikimbilie saizi kubwa tu. Jaribu na ndogo.

Angalia pia mrija wa iafoni, pale kimpira kinapovalishwa. Upana wake kwa kawaida ni kati ya milimita 4 na 6, na vimpira vya kununua peke yake havitoshi kila mrija. Kikiwa legelege, siku moja utachomoa iafoni na kimpira kibaki ndani ya sikio. Kabla ya kuvaa, kivute kidogo uone kama kimeshika.

Kama vimpira vyote vya silikoni, vile vya kawaida, vimekataa, tafuta vimpira vya sponji. Hivyo hufuata umbo la tundu, hata lile ambalo si duara. Kisokote kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, kiingize haraka kabla hakijafumuka, halafu kishikilie kwa sekunde 30. Ukikiachia mapema, kitajisukuma nje kinapovimba. Sponji hupunguza kidogo makali ya “s” na “sh”, jambo jema kwa iafoni zenye sauti kali. Ubaya wake ni kwamba huchakaa ndani ya miezi michache: siku kinapokataa kurudi katika umbo lake, kitupe.

Vipo pia vimpira vya ngazi mbili au tatu, vinavyoingia ndani zaidi. Kampuni ya Etymotic ilijulikana kwa uvaaji huo tangu iafoni yake ya ER-4 ya mwaka 1991. Huziba vizuri sana, lakini si kila sikio linavivumilia.

Kuingiza

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na limepinda kama herufi S. Ukisukuma iafoni moja kwa moja inagota kwenye kona, na hapo ndipo watu huanza kutumia nguvu. Fanya hivi:

1. Tazama herufi: L ni kushoto, R ni kulia.
2. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sehemu ya juu ya sikio, ivute juu na nyuma. Tundu linanyooka.
3. Ingiza iafoni polepole huku ukiizungusha kidogo, ukielekeza mbele kidogo, upande wa pua.
4. Achia sikio. Tundu linarudi katika umbo lake na kukumbatia kimpira.

Ukisikia mlio kama nailoni inayokunjwa wakati wa kuingiza, ni utando wa spika unaosukumwa na hewa uliyoibana. Chomoa, rudia taratibu zaidi huku sikio bado umelivuta. Wakati wa kutoa, zungusha kwanza hewa iingie, ndipo uvute. Kuchomoa kwa ghafla hufyonza kiwambo cha sikio, na huumiza.

Kina cha kuingiza nacho hubadilisha sauti. Iafoni iliyoishia mlangoni huweza kukupa mlio mkali karibu na Hz 7,000 au 8,000. Ukiisogeza ndani kidogo, mlio huo hupanda juu na kupungua kero.

Waya ukigusa nguo, unasikia mikwaruzo. Pitisha waya juu na nyuma ya sikio, iafoni ikiruhusu, na mikwaruzo itapungua sana. Anayevaa ushungi aushushe waya mgongoni, kisha arudie kile kipimo cha besi akiwa ameshajifunga, kwa sababu kitambaa kikibana huweza kuigeuza iafoni kidogo na kufungua mwanya.

Sauti na ikwalaiza

Iafoni iliyoziba vizuri huzuia kelele, kwa hiyo kwenye daladala au matatu huna sababu ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Ukiwa barabarani kwa miguu, au juu ya bodaboda, zivue kabisa. Kule kuziba kunakokupa besi ndiko kunakokunyima honi.

Ikwalaiza iguse mwisho kabisa, baada ya kipimo cha besi kufaulu. Punguza kinachokera badala ya kuongeza kinachokosekana. Ukilazimika kuongeza besi kwa desibeli 4, shusha sauti ya jumla kwa 4 pia, la sivyo itakwaruza. Na kama iafoni za Bluetooth zinageuka kuwa kama simu ya mezani kila programu inapowasha maikrofoni, si kosa la kimpira. Zimehamia hali ya kupiga simu. Zima maikrofoni, muziki utarudi.

Upande mmoja ukififia

Mara nyingi ni nta ya sikio iliyoziba wavu wa mrija. Vua kimpira, elekeza mrija chini, upige kwa mswaki laini mkavu ili uchafu udondoke nje. Usitumie sindano, kwani itausukuma ndani au kutoboa wavu. Silikoni ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Sponji ifute tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Bado imefifia? Badilishana pande: vaa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kasoro ikihama pamoja na iafoni, spika, waya au wavu una tatizo. Ikibaki kwenye sikio lilelile hata baada ya kujaribu vimpira vyote, zima iafoni uende kwa daktari akuangalie kama kuna nta iliyogandamana ndani.