Jinsi ya kupima kama pua yako inasikia sabuni kwenye dania

Baadhi ya watu husikia harufu ya sabuni kwenye dania (giligilani). Kumpima mtu, kata majani mabichi ya dania, kijiko kimoja cha chakula, weka kwenye kikombe na ufunike. Kikombe cha pili weka mchicha uliokatwa vivyo hivyo. Mfunge macho anayepimwa. Anuse kila kikombe kwa sekunde 3, apumzike dakika 1 katikati, kisha aeleze harufu kwa maneno yake. Usitaje sabuni kabla. Ukiitaja, wengi watadhani wanaisikia, na kipimo kimeharibika. Mwenye mafua asubiri apone.

Usitwange majani: yakipondwa, vimeng'enya (protini za mmea zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) huvunja aldehidi, yaani kemikali zenye harufu ya sabuni. (Asiyependa dania aijaribu kwenye chatini iliyosagwa.)

Binadamu ana takriban jeni 400 za vipokezi vya harufu zinazofanya kazi. Inayohusishwa na sabuni ya dania ni OR6A2, iliyo kwenye kromosomu ya 11. Mchango wake ni mdogo, na mazoea ya chakula yana nguvu pia. Kwa hiyo mtoto akitofautiana na wazazi wake kwenye kipimo hiki, hilo halithibitishi lolote kuhusu nani ni mzazi wake halisi. Tafadhali msigombane.